Nyigu wa Makindu na safari ya kupata jina

Mkulima wa Kasikeu akipasua bua la mahindi lililonyauka kabla ya kuzaa, aghalabu hukuta kiwavi ndani. Mara mojamoja hukuta kiwavi huyo amelegea, hali, hatembei, na kando yake pana rundo la vifuko vyeupe kama punje ndogo za mchele. Ni rahisi kudhani hayo ni mayai ya kiwavi na kuyatia moto pamoja na bua. Kumbe wapi! Hivyo ni vifuko vya hariri vya nyigu ambao wamekwisha kumla kiwavi kutoka ndani.

Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapokwama. Nyigu tumjuaye ni yule mwenye kiuno chembamba, ajengaye darini na kuuma watoto. Huyu wa kwenye bua hafiki hata milimita tano na haumi mtu. Tukimwita kimelea pia hatujasema kweli yote, maana kupe au mchango humnyonya mwenyeji wake akamwacha hai, ilhali huyu lazima mwenyeji wake afe. Mimi husema nyigu kimelea, kwa kukosa lililo bora.

Wataalamu nao wamehangaika. Mwaka 1906 Cameron alimweleza nyigu mmoja kutoka Afrika Kusini na kumwita Apanteles sesamiae. Jenasi hiyo ya Apanteles ilikuwa ghala la kila kitu, na mwaka 1981 Mason akaipasua. Nyigu wetu akahamia jenasi ya Cotesia. Kisha akaja binamu yake. Nondo wa Chilo partellus, ambaye viwavi wake hutoboa mabua ya mahindi na mtama, alitoka Asia, na maadui wa huku hawakumtosha. Kituo cha icipe cha Nairobi kikaleta Cotesia flavipes kutoka Pakistan na kumwachilia Pwani mwaka 1993. Baadaye aliachiliwa Ukambani pia. Sasa basi, utamtofautishaje mgeni na mwenyeji? Kwa macho, huwezi. Wataalamu huchukua dume, wakatazama viungo vyake vya uzazi kwa hadubini.

Hata hivyo, tatizo kubwa halikuwa kati ya majina mawili, bali ndani ya jina moja. Ilionekana kwamba Cotesia sesamiae wa Kitale akitaga ndani ya kiwavi wa Busseola fusca, yule mharibifu wa mahindi ya nyanda za juu, watoto wake hukua vizuri. Wa Mombasa akitaga humo humo, chembe za damu za kiwavi huyazingira mayai na kuyaua. Hebu fikiria: mtu angewachukua wa Mombasa kwenda kuokoa mahindi ya Kitale, makaratasi yangesema spishi ni ile ile, na kazi yote ingekuwa bure.

Ndipo ikaja zamu ya Makindu, katika kaunti iyo hiyo ya Makueni. Katika matete ya kinamasini aina ya Typha domingensis huishi kiwavi wa Sesamia nonagrioides, na ndani ya kiwavi huyo walipatikana nyigu waliohesabiwa kuwa sesamiae kama wengine. Wachunguzi walipolinganisha DNA, mwenyeji, mmea na uzazi, wakaona kundi hili halichanganyiki na wenzake. Mwaka 2017 Laure Kaiser na wenzake walichapisha maelezo yake katika jarida la ZooKeys, na Jose Fernandez-Triana akalipa jina: Cotesia typhae. Ile -ae ya Kilatini hufanya kazi ya -a yetu ya uhusiano. Typhae ni "wa Typha", sesamiae ni "wa Sesamia". Kichekesho ni kwamba huyu mpya ndiye aliyeshikamana na Sesamia mmoja tu, lakini jina hilo lilikuwa limekwisha chukuliwa.

Kwa nini Wafaransa wajisumbue na matete ya Makindu? Kwa sababu kiwavi yule yule, ambaye huku hukaa matetemi, kwao na katika nchi za Mediterania hushambulia mahindi. Maabara zao zimefuga nyigu wa asili mbili: wa Makindu na wa Kobodo, magharibi mwa Kenya. Walipowajaribu kwa viwavi wa Ufaransa, wa Makindu walifaulu zaidi ya wa Kobodo. Jina jipya, na bado ndani yake mna tofauti!

Nisieleweke vibaya: nyigu wa matete hatakuja kuokoa mahindi ya Kasikeu, kwani mwenyeji wake hayumo shambani humo. Vifuko vyeupe vya kwenye bua la Kasikeu yamkini ni vya flavipes au sesamiae. Lakini navyo visichomwe. Bua likipasuliwa, kiwavi mzima na auawe, vifuko viachwe kivulini kando ya shamba. Baada ya siku chache nyigu watatoka na kutafuta viwavi wengine.

Na kuhusu jina, napendekeza tumwite huyo wa Makindu nyigu-matete. Mwenye neno la Kikamba lililo bora zaidi alilete.