Rungu la Mtaa na Kirungu cha Mfukoni

Mpwa wangu anaishi Mbagala na hutoka kazini usiku mkubwa. Juzi alinionyesha kitu cheusi, kifupi kama tochi. Akakung'uta mkono, tak! Kikachomoka kirungu cha chuma chenye pingili tatu. "Anko, huyu ndiye mlinzi wangu. Panya Road waje sasa!"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Rungu lina historia yake katika jiji hili, msomaji wangu, na katika historia hiyo mwenye rungu ni nadra sana kumkuta yuko peke yake.

Tuanzie mbali kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, silaha zilikuwa zimezagaa, na wizi wa ng'ombe na ujambazi ukashamiri Usukumani na Unyamwezini. Polisi walikuwa wachache, tena mbali. Wanavijiji wakaunda sungusungu. Wengi tunakumbuka pinde na mishale yao, lakini silaha yao kubwa ilikuwa mwano, ule ukelele wa hatari. Ukipigwa, wanaume wanatoka, wanaupokea na kuupeleka kijiji cha pili. Asiyetoka anatozwa faini.

Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa, sungusungu wakapewa uwezo wa kukamata. Mwaka uliofuata Augustino Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akahimiza ulinzi huo uingie mijini. Ndivyo sungusungu walivyofika Dar es Salaam, kwenye mitaa ya Kinondoni na Temeke, ambako hakuna ng'ombe wa kuibiwa ila kuna redio, mabati na roho za watu. Mzee mmoja jirani yangu pale Tandika alilinda zamu hizo. Rungu lake lilikuwa mguu wa meza iliyovunjika. "Sikuwahi kumpiga mtu nalo," huniambia. "Kazi yote ilifanywa na filimbi, mwanangu. Ukipuliza, wanatoka kumi."

Lakini tusiwapambe mno. Wako sungusungu waliopiga watu hovyo, na bara wako walioua kwa tuhuma za uchawi. Na huku mjini tunalo neno moja linaloita watu haraka kuliko filimbi: "Mwizi!" Likishatoka, hakuna zamu wala kiongozi, na asiye na kosa anaweza kuishia ndani ya tairi linalowaka. Jioni ya tarehe 2 Januari 2015, habari za Panya Road zilipovuma, maduka yalifungwa na watu wakakimbia ovyo. Usiku ule hofu ilikuwa na miguu mirefu kuliko wahuni wenyewe.

Sheria inajaribu kusimama katikati. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18B, inakuruhusu kujitetea kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu. Ukizidisha, unajibu wewe. Sasa jiulize: saa saba usiku, kichochoroni, chuma mkononi, moyo unadunda, nani atapima hicho kiasi? Pigo la mkono si sawa na pigo la kichwa. Na kirungu chenyewe kinataka uwe karibu na mtu mwenye panga, hatua moja tu. Wao huja kundi, wewe una mkono mmoja wa kukung'uta.

Nilimuuliza mpwa wangu, "Balozi wako wa nyumba kumi anaitwa nani?"

Hakumjua.

"Na jirani wa ukuta kwa ukuta?"

Akafikiri. "Kuna mama mmoja hivi anauza chapati."

"Ukipiga yowe atakujua sauti?"

Akakigonga kirungu sakafuni, kikarudi kuwa kifupi. Hakunijibu. Ila wiki iliyofuata alinipigia simu: siku hizi asubuhi chapati ananunua kwa yule mama, na namba yake anayo. Kirungu bado kimo kwenye begi. Sikumwambia akitupe.