Gari la Spoti la Mwigo: Umiliki, Usajili na Uendeshaji Wake kwa Mwananchi wa Mbinga na Nyasa

Na Mwandishi Wetu, Mbinga

Gari la spoti la mwigo ni gari lililoundwa kwa umbo la gari la kale lenye jina kubwa, ilhali vyuma vyake vimetoka kwenye gari jingine au vimetengenezwa miaka ya karibuni. Mtazamaji hudhani ni gari la mwaka 1954; akifungua boneti hukuta injini ya miaka ya 1990. Ni gari halali kumiliki nchini Tanzania. Ugumu wake upo katika swali moja ambalo ofisa wa forodha, askari wa usalama barabarani na wakala wa bima wote wataliuliza: hili ni gari gani, na la mwaka gani?

Jibu la kisheria halitokani na umbo. Gari hutambuliwa kwa namba ya chasisi, na mwaka wake ni ule lililotengenezwa, wala si mwaka wa gari lililoigwa. Mwenye kulielewa hili mapema huokoa fedha nyingi. Asiyelielewa huweza kujikuta ana gari zuri lisiloweza kuuzwa, kukatiwa bima wala kurithiwa.

Ni kweli kwamba magari ya aina hii ni nadra katika Mkoa wa Ruvuma. Hata hivyo, kanuni zinazoyahusu ndizo zinazoihusu Land Rover ya zamani iliyofungwa injini ya Toyota ili ipande milima ya Umatengo na magunia ya kahawa, au pikapu iliyobadilishwa bodi gerejini. Gari la mwigo linaonesha tu kwa uwazi zaidi tatizo ambalo kaya nyingi za Ukata, Mbinga Mjini na Mbamba Bay tayari zinalo uani.

Asili ya magari haya

Magari yanayoigwa zaidi duniani ni machache. Lotus Seven ya Uingereza ilianza kutengenezwa mwaka 1957, na haki za kuiendeleza zikachukuliwa na kampuni ya Caterham mwaka 1973. AC Cobra ilizaliwa mwaka 1962, pale Mmarekani Carroll Shelby alipoweka injini ya Ford ya silinda nane ndani ya gari jepesi la Kiingereza. Porsche 356 ya aina ya Speedster ilitoka mwaka 1954. Cobra halisi zilizotengenezwa wakati ule ni takriban 1,000 tu, na bei yake leo haimhusu mtu wa kipato cha kawaida. Hapo ndipo mwigo ulipopata soko.

Miigo mingi ya Speedster hujengwa juu ya Volkswagen Beetle, kwa sababu bodi ya gari hilo hufunguliwa kwa bolti na sakafu yake ikabaki nzima na magurudumu yake. Fundi huweka bodi mpya ya faiba, kazi ikawa imekwisha. Namba ya chasisi ya Beetle imegongwa kwenye uti wa sakafu, chini ya kiti cha nyuma, na hubaki palepale. Kwa maneno mengine, gari linaloitwa Porsche mtaani ni Volkswagen mbele ya sheria.

Afrika Mashariki haina ugeni na magari ya spoti. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 na 1973 katika barabara ambazo wenyeji wa Nyasa wangezitambua kwa vumbi lake. Tangu mwaka 2003 yapo pia mashindano ya Safari ya magari ya kale, ambayo yamewahi kupita Tanzania. Jijini Nairobi, maonesho ya magari yaliyotunzwa vizuri yamekuwapo tangu mwaka 1970. Kwa upande wa uundaji, Tanzania ina kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu, Kibaha, na mnamo Machi 2022 mchora katuni Masoud Kipanya alizindua gari la umeme lililoundwa nchini. Fundi mwenye ndoto ya kuunda gari haanzi kwenye pori tupu.

Kuliingiza nchini

Anayeagiza gari la mwigo kutoka nje hulipa kodi kama muagizaji wa gari lolote lililotumika: ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, pamoja na tozo nyingine ndogo. Juu ya hayo upo ushuru wa bidhaa wa uchakavu, ambao kwa gari dogo la abiria lenye umri wa miaka minane hadi 10 ni asilimia 15, na kwa lililozidi miaka 10 ni asilimia 30. Kodi hizi hupandiana, yaani moja hukokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa na nyingine, hivyo jumla yake huweza kulingana na bei ya gari au kuizidi. Viwango hupitiwa kila mwaka katika Sheria ya Fedha. Ni busara kuvihakiki kabla ya kutuma fedha, si baada ya meli kuondoka.

Hapa ndipo mwaka wa gari unapogeuka kuwa fedha taslimu. Mwigo uliotengenezwa miaka mitano iliyopita hauna ushuru wa uchakavu, hata kama sura yake ni ya mwaka 1962. Mwigo uliojengwa juu ya chasisi ya mwaka 1970 unaulipa, hata kama rangi yake haijakauka. Nyaraka za nchi ulikotoka zikionesha mwaka wa gari lililoigwa badala ya mwaka wa utengenezaji, mwagizaji atalipa kodi ya uzee ambao gari hilo halina.

Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina mfumo wa mtandaoni unaokadiria thamani ya magari yaliyotumika kwa kuchagua kampuni, aina na mwaka. Miigo mingi haimo humo, kwa kuwa imetoka kwenye karakana ndogo. Thamani huamuliwa basi na maofisa wa forodha kwa kufuata Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo kanuni zake za uthaminishaji zimo katika Jedwali la Nne. Msingi wake ni bei iliyolipwa kweli, na anayeitegemea lazima awe na ankara ya muuzaji, uthibitisho wa malipo ya benki na barua ya mtengenezaji inayotaja chasisi na injini vimetoka wapi. Asiye na nyaraka hizo asishangae akikadiriwa zaidi.

Mtanzania anayerejea kuishi nyumbani anaweza kupata msamaha wa ushuru wa forodha kwa gari moja, iwapo alilimiliki na kulitumia nje ya nchi kwa miezi isiyopungua 12. Msamaha huo hutazama umiliki na matumizi. Gari lililonunuliwa wiki ya kufunga mizigo halimo.

Usajili

Usajili hufanywa na TRA. Mwombaji anahitaji Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, nyaraka za forodha zinazothibitisha kodi imelipwa, na kadi ya nchi gari lilikotoka. Ubora wa magari yaliyotumika hukaguliwa chini ya usimamizi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ada ya usajili hufuata ukubwa wa injini. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika mwaka wa fedha 2017/18 na mzigo wake kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, hivyo gari linalolala gerejini miezi sita halidaiwi chochote kwa kulala.

Kadi ya gari hubeba kampuni iliyotengeneza, aina, mwaka, rangi, ukubwa wa injini, namba ya chasisi na namba ya injini. Mmiliki wa mwigo asikubali kuandikiwa jina la gari lililoigwa. Wapo wanaoona fahari kusoma jina kubwa kwenye kadi, na fahari hiyo ni ghali: siku gari likikaguliwa, namba ya chasisi itasema jambo jingine, na mwenye gari ndiye atakayetakiwa kueleza.

Kubandika nembo ya kampuni maarufu na kuliuza gari kana kwamba ni halisi ni suala zito zaidi. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Hati ya mauzo iseme wazi kuwa gari ni mwigo.

Kwa gari linalobadilishwa hapa nchini, kila badiliko la injini, rangi au bodi linapaswa kuripotiwa TRA baada ya ukaguzi wa Polisi, ili kadi irekebishwe. Injini iliyonunuliwa iwe na risiti. Injini isiyo na asili inayojulikana huweza kuwa ya gari lililoibwa. Anayetaka kuunda gari kuanzia mwanzo aende TBS na TRA akiwa na michoro, kabla hajakata chuma.

Nchi nyingine zimelitatua jambo hili kwa njia zao. Uingereza hutumia alama: gari lililojengwa upya lazima lipate alama nane ili libaki na usajili wake, na chasisi peke yake ina alama tano. Likikosa, hupewa namba inayoanza na herufi Q, ishara kwa kila mnunuzi kwamba umri wake hauthibitiki. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2015 inayomruhusu mtengenezaji mdogo kuunda miigo isiyozidi 325 kwa mwaka, ya magari ambayo asili yake ina angalau miaka 25.

Bima, leseni na matumizi

Bima ya kumlinda mtu mwingine, inayojulikana kama bima ndogo, ni ya lazima kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Bima kubwa ni hiari, na kwa mwigo ina mtego wake. Bima husimama juu ya ukweli wa maelezo ya mteja. Aliyejaza fomu akaandika Cobra ya mwaka 1965, kumbe ana gari la faiba la mwaka 2008, amempa mkata bima sababu ya kukataa madai. Iambatanishwe ripoti ya mthamini inayolitaja gari kama lilivyo.

Leseni ya udereva ya daraja D inatosha kwa matumizi binafsi, na tangu mwaka 2019 hudumu miaka mitano. Gari binafsi hubeba kibao cha njano. Mwenye kulikodisha kwa maharusi, na Songea soko hilo lipo hasa baada ya msimu wa kahawa, amekwisha kuingia kwenye biashara: anahitaji kibao cheupe, leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) na bima ya matumizi hayo. Bima ya gari binafsi haitamsaidia bibi harusi akiumia njiani.

Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay

Barabara hii ya takriban kilometa 66 sasa ni ya lami, na huenda ndiyo inayomtia mtu hamu ya gari la spoti kuliko nyingine yoyote mkoani. Mbinga ipo zaidi ya meta 1,300 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Nyasa upo chini ya meta 500. Kati yake ni kona na mteremko.

Magari mengi ya mwigo yenye vyuma vya kale yana breki za dramu. Dereva akikanyaga breki mfululizo kwenye mteremko mrefu, dramu hupata moto, mafuta ya breki yaliyochoka huchemka, na kanyagio huzama bila gari kupungua mwendo. Dawa ni kuteremka kwa gia ndogo, ile ambayo lingepandia, na kubadilisha mafuta ya breki kila mwaka kwa kuwa hunyonya unyevu. Gari ambalo halijawekewa mikanda ya usalama wala taa za kutosha lisishushwe mlima huo usiku, wala katika mvua za Novemba hadi Aprili.

Kabureta iliyopimwa Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, hulipa gari mafuta mengi mno ikifika Mbinga, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi. Injini hutoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Fundi aipime upya huku juu. Vilevile, petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Injini iliyotengenezwa kwa mafuta yale huhitaji viti vya valvu vya chuma kigumu, vinginevyo huliwa taratibu.

Nje ya lami, kwenye barabara za kata zinazosimamiwa na TARURA, gari lililo chini kiasi hicho litakwaruza tumbo mahali pengi. Mmiliki wa Ukata ajue kwamba mvua zikianza, gari litabaki mjini.

Kuliuza na kulirithisha

Umiliki huhama TRA, si kwa kukabidhiana funguo. Huhitajika mkataba wa mauzo, kadi halisi, ushuru wa stempu wa asilimia moja ya thamani na ada ya uhamisho. Muuzaji anayeacha kadi ikiwa na jina lake huendelea kutafutwa kwa faini na ajali za mtu mwingine.

Mmiliki akifariki, msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama ndiye mwenye mamlaka ya kuomba uhamisho. Kwa mwigo, warithi watahitaji pia ankara, barua ya mtengenezaji na ripoti za ukaguzi, kwa sababu aliyejua chasisi ilitoka wapi hayupo tena. Nyaraka hizo zihifadhiwe pamoja na kadi, na nakala yake ikae kwa mtu wa pili katika familia.

Maombi ya usajili, marekebisho ya kadi na uhamisho wa umiliki hupokelewa katika mifumo ya mtandaoni ya TRA, na kwa wakazi wa Ruvuma, katika ofisi ya mkoa iliyopo Songea.