Somo: Ukuta wa Bwawa

Ninyi wa Peramiho mnaopumzika jioni kando ya bwawa, sikilizeni habari ya Solai, Nakuru, katika nchi ya Kenya. Huko palikuwa na bwawa la shamba, ukuta wake wa udongo. Masika ya mwaka 2018 mvua ilizidi. Usiku wa tarehe 9 Mei ukuta ulibomoka. Maji yakateremka, yakazoa nyumba, na watu zaidi ya 40 wakafa.

Ukuta wa udongo huharibika vipi? Mizizi ikioza huacha tundu; maji yakipita juu huumega. Basi ng'oeni miti ingali michanga, wala msizibe njia ya maji ya ziada. Mkiona maji ya tope yakitoka chini ya ukuta, ondokeni bondeni, mkampe habari mwenyekiti wa kijiji.

Swali: Nyumba zipi ziko chini ya bwawa lenu?