Goma Iliyovuka Bahari

Tunapoadhimisha kumbukumbu ya hekalu letu, wako wanaouliza kama yafaa ngoma ya majirani ipigwe katika uwanja mmoja na garba. Jibu limo katika historia, nayo ina umri mkubwa kuliko mashamba ya chai ya Kwamkoro.

Katika Gujarat, walikotoka wazee wa familia nyingi za Kihindu za Afrika Mashariki, wanaishi Wasidi, watu wenye asili ya Afrika. Kwa karne nyingi mababu zao walivuka bahari kwa majahazi yaliyosukumwa na kusi. Baadhi walikuwa mabaharia na askari. Wengi walichukuliwa utumwani. Lugha zao zilififia, wakawa wasemaji wa Kigujarati, lakini ngoma haikufa. Hadi leo mchezo wao huitwa goma, neno ambalo mtoto yeyote wa Usambara atalitambua. Huuchezea penye kaburi la walii wao, Bava Gor, huko Ratanpur, ambako Waislamu, Wahindu na Waparsi hufika kuomba baraka.

Nayo garba ilikuja kwetu kwa kaskazi, pamoja na wahamiaji wa Kigujarati. Huchezwa usiku tisa wa Navaratri, wachezaji wakizunguka taa iliyowekwa ndani ya chungu chenye matundu. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Basi garba ikikutana na mdumange ya Wasambaa, si wageni wanaokutana. Bahari iliwakutanisha zamani.

Hata hivyo, tusijidanganye. Kumwita jirani apige ngoma mlangoni, kisha aende zake kabla ya chakula, si kuchanganya mila. Wasidi wanatufundisha kwamba ngoma ni kumbukumbu ya watu, wakati mwingine ndiyo pekee waliyobaki nayo. Anayetaka kuicheza sharti ajifunze kwa wenyewe, na aitaje kwa jina lake.

Kwa hiyo vijana wetu na waende kwa wazee wa kijiji wafundishwe mdumange, na vijana wa kijiji waje wafundishwe kugonganisha vijiti vya dandiya. Siku ya sikukuu, wote waingie katika duara moja, na baadaye wakae jamvi moja.