Waya Uliopimwa Mezani

Wiki moja kabla waya ule haujaungua, nilikuwa nimeandika kwenye ripoti yangu kwamba unafaa kwa ndege. Niliupima mezani, ukapita. Tulipouweka ndani ya mtungi na kunyonya hewa, ukazungukwa na mwanga wa zambarau, kisha ganda lake likaanza kutoboka. Volteji ilikuwa ileile. Msimamizi wangu akaniuliza: “Umemsoma Paschen?”

Sikuwa nimemsoma. Friedrich Paschen alikuwa na miaka 24, rika langu, alipochapisha mwaka 1889 vipimo alivyofanya Strassburg. Alitaka kujua cheche inahitaji volti ngapi ili iruke kati ya vyuma viwili. Jibu likategemea shinikizo la hewa mara umbali. Hewa yenyewe ni kihami. Ikipungua, elektroni hukimbia mbali zaidi kabla ya kugonga chembe, hivyo hugonga kwa nguvu. Volteji inayohitajika hushuka hadi kwenye sakafu ya takriban volti 327; hewa ikizidi kupungua, hupanda tena.

Ndege ya akina Wright ilikuwa bado miaka 14. Katika Vita Kuu ya Pili, ndege za mabomu zilipanda kilomita 9, ambako shinikizo halifiki theluthi ya lile la usawa wa bahari. Cheche zilizopaswa kufika kwenye plagi zikarukia ndani ya magneto, mtambo unaozizalisha, na injini zikakosa moto. Mafundi wakaziba magneto hizo na kuzisukumia hewa.

Kwa miongo mingi ndege za abiria zilitumia volti 115, ambazo kilele chake ni kama 163. Ziliishi chini ya sakafu ya Paschen. Lakini volteji kubwa hupunguza uzito wa nyaya, na Boeing 787, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011, ina mifumo ambayo kati ya nguzo zake mbili kuna volti 540. Ndege za umeme zinazobuniwa sasa zinataka maelfu. Kinachobaki ni ganda nene, nafasi pana, na kuhakikisha hakuna hata kipovu cha hewa ndani ya ganda, maana humo cheche ndogo hutafuna kimyakimya.

Niliirudia ripoti. Sentensi ile sikuifuta. Niliikata kwa mstari, nikaandika chini yake shinikizo nililopimia. Anayeisoma aone nilikosea wapi.