Samora Machel na Malezi ya Nachingwea

Samora Moisés Machel alizaliwa tarehe 29 Septemba 1933 huko Chilembene, mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima chini ya serikali ya Wareno, iliyowalazimisha Waafrika kulima pamba na kuiuza kwa bei iliyopangwa na wakubwa. Katika miaka ya 1950 ardhi ya bonde la Limpopo iligawiwa walowezi, na familia ya Machel ikawa miongoni mwa walionyang'anywa mashamba. Yeye mwenyewe alisomea uuguzi Lourenço Marques, jiji linaloitwa Maputo siku hizi, akakuta muuguzi mweusi analipwa chini ya Mzungu kwa kazi ileile.

Mwaka 1963 alitoroka kupitia Botswana hadi Dar es Salaam, ambako chama cha ukombozi cha FRELIMO kilikuwa kimeundwa mwaka mmoja kabla, kikiongozwa na Eduardo Mondlane. Baada ya mafunzo ya kijeshi Algeria, alikabidhiwa kambi ya Kongwa, Dodoma. Vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, Cabo Delgado. Filipe Magaia, mkuu wa ulinzi, alipouawa Oktoba 1966, Machel alishika nafasi yake.

Kambi iliyobeba fikra zake zaidi ni Nachingwea, kusini mwa Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1965. Wamakonde, Wamakua, Wanyanja na Washangani walilala bweni moja na kupokea amri kwa Kireno, ili kabila lisiwe chanzo cha mgawanyiko. Wapiganaji walilima chakula chao, na waliojua kusoma waliwafundisha wenzao. Kuanzia mwaka 1967 wanawake nao walifunzwa silaha. Mmoja wao, Josina Muthemba, alifunga ndoa na Machel mwaka 1969. Josina alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Wanawake wa Msumbiji.

Katika miaka hiyohiyo ya vita, ndani ya chama kulizuka mvutano. Lázaro Nkavandame, kiongozi wa Cabo Delgado, alishutumiwa kwa kugeuza biashara ya maeneo yaliyokombolewa kuwa mradi wake binafsi, na hatimaye akajisalimisha kwa Wareno. Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu la kifurushi tarehe 3 Februari 1969. Makamu wake, Uria Simango, alisukumwa pembeni, na Mei 1970 Machel akawa rais wa chama.

Jeshi la Ureno lilipoipindua serikali ya Lisbon tarehe 25 Aprili 1974, mapatano kati ya FRELIMO na Ureno yalitiwa saini Lusaka mwezi Septemba. Uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni 1975. Wiki chache kabla yake, Simango alifikishwa mbele ya umati Nachingwea na kulazimishwa kusoma ungamo la usaliti. Baadaye aliuawa kwa siri.

Rais Machel aliitaka nchi nzima iishi kwa nidhamu ya kambi. Ardhi, shule, hospitali na nyumba za kupangisha vilitaifishwa. Madarasa ya kisomo yalifunguliwa na chanjo zikafika vijijini. Hata hivyo, wakulima wengi walihamishiwa vijiji vya pamoja bila ridhaa yao, wapinzani wakapelekwa kambi za mafunzo upya, na mwaka 1983 wakazi wa mijini wasio na ajira walisombwa hadi Niassa. RENAMO, kundi la waasi lililoanzishwa kwa msaada wa Rhodesia na kisha kulelewa na Afrika Kusini, lilitumia manung'uniko hayo. Mkataba wa Nkomati, ambao Machel alitiliana saini na P. W. Botha, kiongozi wa Afrika Kusini, mwaka 1984, haukuvimaliza vita hivyo.

Machel alifariki tarehe 19 Oktoba 1986, ndege yake ilipoanguka Mbuzini, Afrika Kusini, akirejea kutoka Zambia. Tume ya Afrika Kusini iliwalaumu marubani, ilhali Wasovieti walisema ndege ilipotoshwa na mawimbi bandia ya redio.

FRELIMO iliachana na itikadi ya Kimarx mwaka 1989, na amani ikapatikana Roma mwaka 1992. Ardhi ingali mali ya dola. Joaquim Chissano na Armando Guebuza, waliotawala baada ya Machel, walikuwa wapigania uhuru wenzake, na Filipe Nyusi, rais aliyewafuata, alisoma utotoni katika shule ya FRELIMO huko Tunduru. Ni Januari 2025 tu ndipo Msumbiji ilipompata rais aliyezaliwa baada ya uhuru, Daniel Chapo.