Washington na Mwaka wa Sifuri Mbili

Nikimsikia mtu anasema Y2K, lile tatizo la kompyuta zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili na kuusoma mwaka 2000 kama 00, ilikuwa uzushi wa wauza kompyuta, moyo unaniuma. Niliandika programu za mishahara na pensheni kwa lugha ya COBOL, na ninajua sifuri zile mbili zingemfika nani kwanza: mzee aliyeko kwenye foleni, anayesubiri haki yake.

Chanzo kilikuwa ubanaji wa nafasi. Kadi za kutoboa zilikuwa na safu 80 tu, na kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali, kwa hiyo 1965 ikaandikwa 65. Mtaalamu Bob Bemer alionya kwa maandishi tangu 1971, lakini programu zilizokusudiwa kutumika miaka michache zikaendelea kuchapa kazi miaka 30. Chukua mstaafu aliyezaliwa 1935. Mwaka 1999 kompyuta inatoa 35 kwenye 99 na kupata 64. Ukiingia mwaka 2000, inatoa 35 kwenye 00 na kupata hasi 35. Sasa, sehemu nyingi za kuwekea umri katika COBOL hazikuwa na nafasi ya alama ya hasi. Alama inadondoka, inabaki 35. Mzee amegeuka kijana, malipo yake yanasimama, na mashine haitoi onyo lolote kwa sababu 35 ni umri halali kabisa. Jambo la namna hii lilikuwa limeshatokea: mwaka 1992, huko Winona, Minnesota, bikizee wa miaka 104 alialikwa kuanza chekechea.

Jiji la Washington liliamka likiwa limechelewa. Hali yake ya fedha ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1995 Bunge la Marekani liliunda bodi maalumu ya kulisimamia, na jiji linalohangaika kulipa madeni ya leo halina muda wa kufikiria kompyuta za miaka mitano ijayo. Kazi ya Y2K ilishika kasi Juni 1998. Oktoba mwaka huohuo wakaguzi wa Bunge walieleza kwamba jiji lilikuwa nyuma kwa takriban mwaka mzima. Januari 1999 meya Marion Barry akamwachia kiti Anthony Williams, na mzigo wa teknolojia ukabaki mikononi mwa Suzanne Peck, afisa mkuu wa teknolojia wa jiji. Kampuni ya IBM ilishaletwa kusaidia, na fedha za dharura zikatoka serikali kuu.

Watu hudhani kazi ngumu ilikuwa kurekebisha programu. Ngumu zaidi ilikuwa kujua jiji lina programu gani. Idara inanunua mfumo, aliyeuandika anaondoka, maelezo yake yanapotea, na mfumo unaendelea kulipa walimu na kupokea simu za dharura huku hakuna aliyebaki anayeuelewa. Tena muda haukwisha siku moja kwa wote. Mifumo ya kulipa wasio na ajira nchini Marekani huhesabu haki ya mtu kwa mwaka mmoja mbele, kwa hiyo kwao balaa lilibisha hodi mapema, Januari 1999.

Waliobanwa na muda walitumia njia ya mkato: badala ya kupanua kila faili, unaielekeza programu kwamba namba chini ya 50, tuseme, ni ya miaka ya 2000, na kuanzia 50 ni ya miaka ya 1900. Ni dawa inayofanya kazi, ila ina tarehe ya kuisha.

Kisha majaribio. Juni 1999 Los Angeles walijaribu mtambo wa majitaka wa Tillman, Van Nuys, kuona ungefanyaje umeme ukikatika. Lango moja likafunga, na mamilioni ya galoni za majitaka yakafurika kwenye bustani ya jirani. Magazeti yalicheka. Mimi nawaheshimu wale wahandisi, kwani lango lile lingewangoja usiku wa mwaka mpya.

Usiku huo taa za Washington hazikuzimika. Kilichoonekana ni kitu kidogo, kwenye ukurasa wa mtandao wa Naval Observatory, taasisi ya jijini humohumo inayotunza saa rasmi ya Marekani: tarehe ilisomeka 1 Januari 19100. Sheffield, Uingereza, mambo yalikuwa mazito. Kompyuta ya hospitali ilikosea umri wa kina mama wajawazito, na zaidi ya wanawake 150 wakapewa majibu yasiyo sahihi kuhusu hatari ya mtoto kuzaliwa na hali ya Down. Kosa liligunduliwa Mei 2000. Anayesema hapakuwa na tatizo awaeleze hao.

Na tarehe hazijaacha kuyatafuta majiji. Tarehe 1 Januari 2020, mashine za maegesho za New York zilikataa kadi za benki, kwa kuwa programu ya malipo ilikuwa imewekewa mwisho siku hiyo na hakuna aliyeisogeza mbele. Mashine zilikuwa takriban 14,000. Mafundi wa jiji wakatoka kuzirekebisha, moja baada ya nyingine, mtaa kwa mtaa.